Skrubu, eleveta, mnyororo au hewa: tathmini ya konveya kwa kiwanda cha chakula cha mifugo

Kiwanda cha chakula cha mifugo humtesa muuza konveya, yaani mashine za kusogeza mzigo kiwandani, kuliko viwanda vingi, kwa sababu chini ya paa moja hupita mahindi ya punje, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa, chumvi na mchanganyiko wa vitamini na madini, na kila kimoja kina mwendo wake, uzito wake na ukaidi wake. Ndiyo maana nimekichukua kiwanda cha namna hiyo, chenye uwezo wa tani 5 hadi 10 kwa saa, kuwa kipimo cha tathmini hii ya konveya zinazopatikana katika soko la Afrika Mashariki, ziwe mpya au zile zilizotumika zinazoletwa kwa kontena. Sitaji chapa. Tofauti kati ya chapa mbili nzuri ni ndogo kuliko tofauti kati ya aina moja ya konveya na nyingine, na mashine ile ile inayosifiwa kwenye ngano huweza kulaaniwa kwenye pumba.

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aipate mapema. Kwa kiwanda cha ukubwa huu, kupandisha mzigo ni kazi ya eleveta ya ndoo, mkanda wa wima wenye ndoo za kuchotea; kuusogeza mlalo ni kazi ya konveya ya mnyororo; skrubu, yaani shafti yenye mapanga inayozunguka ndani ya mfereji, ibaki kwenye kulisha na kupimia, kwa urefu mfupi; na mfumo wa hewa, unaopuliza au kuvuta mzigo bombani, ununuliwe pale tu ambapo umbali, kona au usafi vinaulazimisha. Anayeuziwa mfumo mmoja wa kusafirisha kila kitu kiwandani ananunua urahisi wa muuzaji.

Katalogi nyingi huandika uwezo wa konveya kwa tani, ilhali konveya haijui tani, inajua ujazo. Mita moja ya ujazo ya mahindi ina uzito wa karibu kilo 720, unga wa nafaka kilo 500 hadi 600, na pumba ya ngano kilo 200 hadi 300 tu. Konveya iliyoandikiwa tani 10 kwa saa kwa mahindi, ikipewa pumba ya kilo 250 kwa mita ya ujazo, haitafikisha hata tani 4, na hapo hakuna kilichoharibika wala aliyedanganya, ni kwamba hakuna aliyeuliza. Upande wa pili kuna chokaa iliyosagwa, ambayo inaweza kupita kilo 1,000 kwa mita ya ujazo: humo ujazo unatosha lakini mota inalemewa. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kumpa muuzaji ni orodha ya malighafi zote, kila moja na uzito wake wa ujazo uliopimwa kwenu kwa ndoo na mizani, unyevu wake na ukubwa wa punje zake.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji maabara. Jaza unga nusu ya chupa ya plastiki iliyo wazi kwa macho, funga, tikisa kwa nguvu, kisha uweke mezani uutazame. Unga laini sana hubaki umevimba, uso wake ukitikisika kama uji, na huchukua muda kabla ya kushuka. Huo umeshika hewa na unaweza kutiririka kama kimiminika, jambo ambalo ni neema katika bomba la hewa na balaa katika skrubu inayoteremka, kwa kuwa utapita wenyewe hata skrubu ikiwa imesimama. Chokaa ya chengachenga au chumvi hushuka papo hapo. Pumba haifanyi hili wala lile, hushikana ikajenga daraja shingoni mwa chupa, na ukiona hivyo ujue itafanya vivyo hivyo kwenye mdomo wa hopa, tangi la kulishia mzigo. Kipimo hiki hakitoshi kuandikia mkataba, lakini kinatosha kumkatiza muuzaji anayesema kwamba unga ni unga.

Skrubu ndiyo konveya ya kwanza ya viwanda vyetu, na inastahili heshima. Mfereji wa bati, shafti, mapanga yaliyochomelewa, giaboksi na mota: fundi mzuri wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kariobangi, Nairobi, huitengeneza kwa wiki chache, spea zake zinapatikana mtaani, na ikifungwa vizuri haitoi vumbi. Kwa kulisha kinu au mashine ya kuchanganyia, kwa urefu wa mita tatu au nne, sioni cha kuishinda, hasa ikiwekewa kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota ili mlishaji aongeze au apunguze kadiri anavyotaka. Pia huchanganya kidogo njiani, na kwa malighafi zisizo na dawa hilo si kosa.

Matatizo huanza skrubu inaporefushwa na kuinuliwa. Ikiwekwa kwa mteremko wa nyuzi 20, skrubu ya kawaida hupoteza karibu nusu ya uwezo wake, kwa kuwa mzigo unarudi nyuma juu ya shafti. Ukitaka kuurudisha uwezo huo inabidi mapanga yasogezwe karibukaribu au mwendo uongezwe, na vyote viwili hula umeme na chuma. Skrubu ndefu huhitaji beringi za kati zinazoning'inia ndani ya mzigo wenyewe, na hizo ndizo zinazokufa kwanza, kimyakimya, zikisaga chuma ndani ya chakula. Hata kiasi cha kujaza si uamuzi wa bure: watengenezaji wa konveya wa Marekani, kupitia miongozo ya chama chao, CEMA, hugawa mizigo katika viwango vya kujaza mfereji asilimia 45, 30 au 15, na mzigo unaokwaruza kama chokaa ngumu huangukia viwango vya chini. Skrubu ya chokaa iliyojazwa kama ya mahindi itafanya kazi vizuri sana kwa miezi michache.

Lakini kasoro inayonifanya niiondoe skrubu kwenye njia kuu ni masalia. Kati ya mapanga na sakafu ya mfereji kuna nafasi, kwa kawaida milimita 10 hadi 13, na mzigo ulio ndani ya nafasi hiyo hausogei. Fanya hesabu kwa skrubu ya kipenyo cha milimita 300 na urefu wa mita 10: tabaka la milimita 12 likifunika nusu ya chini ya mfereji ni karibu kilo 30 za unga. Fungua kifuniko cha chini cha skrubu ya unga wa dagaa iliyofanya kazi kwa muda mrefu bila kusafishwa na utaliona tabaka hilo: juu limesuguliwa na mapanga likang'aa kama sakafu ya udongo iliyopigwa lami, chini ni jivujivu, limeganda, na ukilichokoa kwa bisibisi linatoka vipande vipande vyenye kuvu na fukusi. Katika nchi ambazo sumukuvu katika mahindi imeshaua watu, mashine inayofuga kuvu kila siku katikati ya njia ya chakula si jambo la kuliachia ratiba ya usafi. Ukiinunua, nunua yenye sakafu inayofunguka kwa bawaba urefu wote, si yenye vifuniko vya juu peke yake, maana kifuniko cha juu kinakuonyesha mapanga tu.

Ndugu yake mdogo, skrubu ya waya inayozunguka bila shafti ndani ya bomba la plastiki, ni nafuu, hupinda kidogo, na inafaa kumwaga virutubishi kutoka kwenye mfuko hadi kwenye mizani. Isipewe chokaa. Waya hulika, bomba hulika, na siku waya utakapokatika vipande vyake vitafuata mzigo.

Eleveta ya ndoo ina sifa moja inayozidi zote: kupandisha kitu kwa ndoo hakuna upotevu mkubwa wa nishati. Kuinua tani 10 kwa saa hadi mita 20 juu, kwa hesabu ya fizikia tupu, ni wati 545. Ongeza msuguano, ndoo kuchota kitakoni na akiba ya kuanzia, bado mota ya kilowati 2.2 inaweza kutosha. Kazi hiyo hiyo kwa blowa, mashine ya kupuliza hewa, na bomba inataka kilowati 15 au zaidi kutegemea urefu wa bomba na kona zake. Mwenye kiwanda anayelipia umeme kila mwezi hahitaji kufafanuliwa zaidi, na bado nashangaa ni mara ngapi tofauti hii haionekani popote katika nukuu za bei, ambazo hulinganisha gharama ya kununua na kufunga halafu zinaishia hapo.

Eleveta ina madai yake. Kitakoni hubaki mzigo ambao ndoo hazifikii, kwa hiyo dai kitako chenye mlango unaofunguka pande zote mbili, na mlango huo uwe mahali ambapo mtu anaweza kuinama, si ndani ya shimo linalojaa maji masika. Umeme ukikatika ndoo za upande mmoja zimejaa na za upande wa pili ni tupu. Pasipo kizuizi cha kurudi nyuma kwenye shafti ya juu, mkanda utazunguka kinyumenyume, utamwaga mzigo wote kitakoni, na umeme ukirudi eleveta haitaanza. Kizuizi hicho ni kifaa kidogo na kimeachwa katika eleveta nyingi za bei nafuu. Katika nchi za mgao wa umeme mimi hukiuliza kabla ya kuuliza bei. Eleveta iliyotumika si chaguo baya, kwa kuwa mabati na kapi havizeeki upesi, lakini uhesabie mkanda mpya kabisa: mpira uliokaa miaka mingi hupasuka kwenye mistari ya boliti za ndoo, na mkanda ukikatika katika jengo la mita 20 hakuna anayetaka kuwa karibu. Ndoo za plastiki zinatosha kwa mahindi na unga, hazitoi cheche zikigusa bati, na ni nyepesi. Za chuma ziachiwe chokaa.

Nije kwenye konveya ya mnyororo, ambayo ningependa ijulikane zaidi kuliko inavyojulikana sasa. Ziko mbili. Ya kwanza ni mfereji uliofungwa wenye mnyororo na vibao vinavyoburuta mzigo sakafuni. Mzigo husogea wote kwa pamoja, kama mkeka unaovutwa, bila kurushwarushwa. Inaweza kulishwa mahali pengi na kumwaga mahali pengi kwa milango ya kuteleza, jambo linaloiweka mbele ya skrubu katika mstari wa silo nne au tano. Ikichaguliwa giaboksi ya kutosha, huanza ikiwa imejaa, na hilo baada ya umeme kukatika ni tofauti kati ya kubonyeza kitufe na kutoa mzigo kwa koleo. Vibao vya plastiki hupangusa sakafu, masalia yakabaki machache, ingawa hayaishi.

Ya pili ni ya mnyororo au kebo yenye visahani ndani ya bomba, inayozunguka mviringo mzima, mlalo na wima, kwa kona kadhaa. Mwendo wake ni mdogo sana, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde, na ndani yake mzigo umekaa kati ya kisahani na kisahani kama abiria ndani ya behewa. Faida yake kubwa ni baada ya mashine ya kuchanganyia. Chakula kilichokwisha kuchanganywa kina pumba nyepesi, chokaa nzito na punje ndogo za vitamini, na kila kinaporushwa au kuangushwa kutoka juu hujitenga tena, kizito chini na chepesi juu, hivyo mfuko wa kwanza na wa mwisho wa mchanganyiko mmoja havifanani. Konveya ya visahani haikipi chakula nafasi hiyo. Kwa peleti za kuku pia ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu peleti zinazofika zimevunjika nusu zinarudi kinuni na gharama yake inarudi nazo.

Hasara zake ni za kweli. Uwezo wake una kikomo, na kwa tani 10 za pumba kwa saa utahitaji bomba nene na bei itapanda. Mnyororo hurefuka, hasa miezi ya kwanza, na asipokuwapo mtu aliyepewa kazi ya kuukaza, visahani vitaanza kugonga kwenye kona. Kebo ikikatika ndani ya bomba lenye kona sita, siku hiyo imekwisha. Visahani vya spea lazima vinunuliwe pamoja na mashine, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee katika tathmini hii ambapo fundi wa mtaani hawezi kukuokoa: kisahani kilichochongwa kwa makadirio hula bomba. Kwa mapato na matumizi ya kiwanda cha kati, hata hivyo, bado naiweka juu ya skrubu kwa njia zote zilizo baada ya kuchanganya.

Mfumo wa hewa ndio unaouzwa kwa maneno matamu zaidi, na baadhi ya maneno hayo ni ya haki. Bomba jembamba hupita popote, hupanda, hukata kona, huvuka barabara ya ndani kutoka jengo hadi jengo. Sakafu hubaki wazi. Na mfumo wa kuvuta kwa ombwe hauvujishi vumbi nje, kwa sababu bomba likitoboka hewa huingia badala ya kutoka. Kupakua unga kutoka kwenye lori la tangi, hakuna njia nyingine ya maana. Katika njia hii ya kasi, mzigo huelea ndani ya hewa inayokwenda mita 15 hadi 25 au zaidi kwa sekunde, shinikizo halizidi sana bar moja, na kinachosukuma mara nyingi ni blowa yenye rota mbili zinazozunguka, ya aina ambayo ndugu wa Roots wa Indiana waliivumbua katika karne ya 19, ambayo umbo lake halijabadilika sana mpaka leo.

Kasi hiyo ndiyo chanzo cha kila tatizo. Chini ya kiwango fulani mzigo huanza kulala chini ya bomba na bomba huziba. Juu yake, ulikaji wa elbo, yaani kona za bomba, na uvunjikaji wa punje hupanda upesi kuliko mwendo wenyewe, kiasi kwamba kuongeza mwendo kidogo tu ili kuwa salama kunaweza kuongeza ulikaji kwa nusu au zaidi. Umeme ukikatika mzigo wote ulio njiani huanguka hapo hapo ulipo. Kwenye bomba la mlalo mara nyingi blowa itaupuliza umeme ukirudi, lakini chini ya bomba la wima hukusanyika kizibo, na ndipo utakapowaona mafundi na nyundo za mpira wakigonga bomba wakisikiliza palipojaa. Valvu ya kuzunguka inayoingiza mzigo ndani ya shinikizo ina nafasi isiyofika robo ya milimita kati ya mbawa na mwili wake. Chokaa ikiikwaruza, hewa huvuja kwenda juu, mzigo hauingii, na waendeshaji hulaumu blowa isiyo na kosa.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo nukuu kutoka Ulaya au China huyasahau. La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Mfumo wa ombwe unaovuta bar 0.4 pwani unaanzia bar 1.01 na kuishia 0.61, ukivuta kiasi hicho hicho Nairobi unaanzia 0.82 na kuishia 0.42, yaani blowa inalazimika kubana hewa kwa uwiano wa karibu 1.95 badala ya 1.66, na inachemka. Eldoret, kwenye mwinuko wa mita 2,100 na kwenye mahindi mengi, hali ni ngumu zaidi. Mota za umeme nazo kwa kawaida huhesabiwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na juu ya hapo lazima zipunguziwe mzigo. Andika mwinuko wa kiwanda kwenye ombi la bei. Ni mstari mmoja.

La pili ni joto na unyevu. Blowa inayosukuma kwa bar 0.5 huongeza joto la hewa kwa nyuzi 50 au zaidi. Hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 32 huingia bombani ikiwa imepita 80. Mashudu yenye mafuta hulainika na kujipaka kwenye kuta za elbo, molasi hunata, na baadhi ya vitamini havipendi joto. Kipoza hewa baada ya blowa kinatatua hilo, lakini mara nyingi kimeandikwa kwenye nukuu kama kitu cha hiari.

Mfumo wa hewa wa shinikizo kubwa, unaosukuma mzigo polepole kwa mafungu kutoka kwenye tangi kwa hewa ya kompresa, huponya mengi ya hayo: mwendo hushuka hadi mita chache kwa sekunde, elbo hudumu, punje hazivunjiki. Viwanda vya saruji huutumia kwa sababu nzuri. Lakini haukubali kila mzigo. Unga laini unaoshika hewa unakubali, na punje kubwa zinazofanana, kama mahindi au chembe za plastiki, zinakubali. Vilivyo katikati, kama mchanga na sukari ya chengachenga, kwa mfumo wa kawaida hukataa, na chupa ile ya plastiki ilikwisha kukudokeza. Tangi hilo ni chombo cha shinikizo, hivyo sheria za usalama kazini zinataka likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na hewa ya kompresa ya pwani isiyokaushwa italeta maji ndani ya unga. Kwa tani 10 za chakula cha mifugo ndani ya jengo moja, siuoni ukijilipa.

Mkanda wa kawaida wa mpira nautaja kwa ufupi: kwa magunia na mahindi ya punje nje ya jengo ni mzuri na wa bei nafuu kuendesha, lakini kwa unga hutimua vumbi kila penye rola.

Na vumbi hilo si uchafu tu. Unga wa nafaka ukielea hewani kwa kiasi cha takriban gramu 50 au zaidi kwa mita ya ujazo unaweza kulipuka ukipata cheche. Tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafa. Uchunguzi wa Bodi ya Usalama wa Kemikali ya nchi hiyo ulionyesha kwamba mlipuko wa kwanza ulianzia kwenye konveya ya mkanda wa chuma iliyokuwa chini ya silo, ambayo mwaka uliotangulia ilifunikwa kwa mabati ili sukari isichafuke, bila kuwekewa mfumo wa kuondoa vumbi wala milango ya kupunguzia mlipuko; beringi iliyochemka inadhaniwa ndiyo iliyowasha. Kisha vumbi lililokuwa limelala sakafuni na juu ya mihimili likainuka na kuwaka jengo zima. Kisa hicho ninakitaja kwa sababu kufunika konveya ndilo shauri la kwanza linalotolewa kila mahali vumbi linapozidi, na ni shauri nusu.

Kwa hiyo eleveta, ambayo ndani yake kuna wingu la unga muda wote, isinunuliwe bila kihisi cha mwendo wa shafti ya chini, vihisi vya mkanda kwenda upande, vipima joto vya beringi, mkanda usiotunza umeme tuli, waya wa ardhi kwenye kila kipande cha bati, na paneli za kupasukia zinazoelekea nje ya jengo. Muuzaji akisema vihisi ni vya soko la Ulaya, mwambie beringi hazijui ziko wapi.

Jambo jingine ambalo hupuuzwa mpaka mteja anaporudi na malalamiko ni mabaki ya mchanganyiko mmoja kuingia katika mwingine. Kiwanda kinachotengeneza chakula cha kuku wa nyama chenye monensini, dawa ya kuzuia koksidia, halafu kikatengeneza chakula cha farasi au punda kwa njia hiyo hiyo, kinacheza na hatari, kwa kuwa dawa hiyo huua wanyama hao kwa kiasi kidogo. Masalia ya kilo 30 ndani ya skrubu au kitakoni mwa eleveta hapo si suala la usafi tena. Njia mbili tofauti ndizo salama. Pasipo fedha za njia mbili, mpangilio wa uzalishaji na kusafisha njia kwa pumba tupu kati ya mchanganyiko na mchanganyiko huandikwa na kufuatwa, na konveya inayojimwaga yenyewe ndiyo inayofanya hilo liwezekane kwa muda mfupi.

Kwenye mkataba, shikilia vitu vichache. Dai majaribio kwa malighafi yenu, zilizotumwa kwa magunia kutoka ghalani kwenu, yafanyike kwenye mashine ya ukubwa unaokaribiana na ile mtakayonunua, na mtu wenu awepo. Uwezo uandikwe kwa kila malighafi peke yake, pumba ikiwemo, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka konveya imefikisha uwezo huo kiwandani kwenu kwa saa kadhaa mfululizo, ikiwa imesimamishwa kwa makusudi katikati ya kazi, ikiwa imejaa, kisha ikawashwa tena bila kufunguliwa. Muuzaji mmoja, ambaye bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote, aliondoka mezani kwa sababu ya kifungu hicho cha mwisho. Mwingine alikikubali bila kubadilisha neno, akaongeza tu kwamba giaboksi itakuwa ya ukubwa wa juu kidogo na kwamba kizuizi cha kurudi nyuma kilikuwa tayari ndani ya bei.